Usilipie Lango: Kununua Kisu na Panga Diani, Ukunda na Msambweni

Kisu cha chapa moja, kilichotoka kwenye katoni moja, kinaweza kuwa na bei tatu ndani ya safari moja ya tuktuk. Ukunda kwenye hadiwea kina bei yake. Kwenye duka la vikumbusho kando ya barabara ya ufukweni Diani bei imepanda, na ndani ya hoteli imepanda tena. Chuma ni kilekile na mpini ni uleule. Kilichobadilika ni lango ambalo duka limekaa karibu nalo.

Nawaandikia wote wanaonunua vitu vyenye makali pwani ya kusini: mkulima wa Kikoneni anayetafuta panga la kufyekea, mvuvi wa Gazi, mama mwenye meza ya samaki Msambweni, kijana anayejifunza upishi na kutaka visu vyake mwenyewe, na mgeni anayetaka kurudi kwao na sime. Ningependa kila mmoja wao alipie chuma, asilipie lango.

Penye kambi ya jeshi hapakosi maduka ya lango. Mwanajeshi ana mshahara wa uhakika, ana ruhusa ya saa chache, na mara nyingi ametoka mbali, hajui bei za mji. Nanyuki, wanakofika wanajeshi wa Uingereza kwa mazoezi, wauzaji wa vinyago, rungu na sime wanawajua vizuri wateja wa aina hiyo. Kwetu kambi kubwa ya karibu ni ya wanamaji, Mtongwe, upande wa Likoni. Lakini kuanzia Tiwi hadi Diani lango linalopandisha bei ni la hoteli, na sababu zake ni zilezile: mnunuzi ana pesa, ana haraka, na hajui kitu kama hicho kinauzwa ngapi kilomita chache kutoka alipo. Ukikosa hata moja kati ya hayo matatu, bei inaanza kushuka. Pesa zako huwezi kuzificha sana. Haraka unaweza kuiacha nyumbani, na kutojua kunatibika kwa asubuhi moja ya kuulizauliza.

Kuna jambo moja katika historia ya visu linalosaidia kulielewa hili. Karl Elsener alianza kufua visu kijijini Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akalipelekea jeshi la nchi yake visu vyake vya kwanza vya kukunja. Vilikuwa vifaa vya kazi: kufungulia mikebe ya chakula na kufungua skrubu za bunduki. Umaarufu wa dunia nzima ulikuja baadaye sana, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya walipovinunua kwa wingi kwenye maduka ya kambi na kurudi navyo makwao. Kiwanda hicho, Victorinox, kinastahili sifa kwa kazi yake. Wengine wengi wameokota jina la jeshi tu, wakalibandika kwenye chuma kisicho na lolote. Kwa hiyo ukikuta kisu kimeandikwa maneno ya kikomando, kina rangi ya madoadoa, meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini, jua unaombwa ulipie hadithi. Mara nyingi mpini wa kisu hicho ni mtupu ndani, umewekewa njiti za kiberiti na ndoana. Nafasi hiyo ya njiti ndiyo iliyopaswa kujazwa na chuma. Ukikitumia kupasua kuni, kitakatika shingoni siku hiyohiyo.

Anza na kazi, si na duka

Makosa mengi ya bei huanza kwa mtu kuingia dukani akitaka "kisu kizuri". Hakuna kisu kizuri kwa kila kazi. Sema kazi kwanza.

Panga la kufyeka majani na vichaka shambani Lungalunga au Shimba Hills linataka bapa refu na jembamba kiasi, jepesi mkononi, maana utalirusha asubuhi nzima. La kukata matawi na kupasua nazi linataka uzito mbele na mgongo mnene. Mkata miwa wa Ramisi ana lake tena, fupi na pana. Muuzaji anayekuuliza unakwenda kufanyia nini ni wa kurudiwa. Anayekukabidhi la bei kubwa kabla hujasema neno anakupima mfuko.

Samaki wana mahitaji yao. Kwa kupara magamba na kupasua changu au tafi, kisu kifupi kigumu kinatosha. Kwa kutoa minofu unahitaji bapa refu, jembamba, linalopinda kidogo kufuata mfupa. Baharini na mezani kwenye maji ya chumvi chukua stenlesi hata kama haikai makali muda mrefu, kwa sababu chuma cha kawaida kitashika kutu kabla hujamaliza ndoo.

Mgema ndiye mnunuzi wa makali aliye makini kuliko wote katika Kwale. Kotama yake haitoki kwenye rafu ya duka. Huenda kwa mhunzi anayemjua, huishika, hujaribu ncha yake kwenye ukucha wa kidole gumba, na asiporidhika huirudisha motoni papo hapo. Ana sababu nzito. Hupanda mnazi zaidi ya mara moja kwa siku kukata kipande chembamba mno cha karara, na kotama butu huchana badala ya kukata, tembo likapungua na karara likaharibika. Ninatamani kila mnunuzi wa kisu cha jikoni angekuwa na nusu ya ukali wa macho ya mgema.

Kisu cha kuchinjia nacho kina masharti yake. Kiwe kikali kabisa, kirefu cha kutosha kumaliza kazi kwa mpitisho mmoja au miwili, na kisiwe na pengo hata moja kwenye makali, kwa sababu pengo humtesa mnyama. Pitisha ukucha taratibu toka shingoni hadi nchani. Ukikwama mahali, hapo pana pengo. Usingoje siku mbili kabla ya Idi ya Kuchinja. Siku hizo kila mtu anatafuta kisu, na mafundi wa kunoa wana foleni. Nunua mwezi mmoja kabla, ukinoe, ukifunge kwenye kitambaa kikavu.

Kusoma chuma

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza shingoni, pale bapa linapoingia kwenye mpini. Sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini ndiyo msuka. Kwenye kisu cha kazi nzito msuka unapaswa kufika mwisho wa mpini, nawe uuone ukingo wake juu na chini, umebanwa na ribiti tatu au zaidi. Msuka mfupi ulioingia sentimita chache na kushikwa kwa gundi utalegea kwenye joto na unyevu wetu. Shika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, tikisa. Ukisikia hata mchezo mdogo, rudisha. Chungulia pia kama mbao zimekaa sawasawa na chuma. Nafasi unayoweza kuingiza ukucha itaingiza maji, chumvi na damu ya samaki, na kutu itaanzia ndani usikoiona.

Kisha inua kisu usawa wa jicho, funga jicho moja, tazama mgongo toka mpini hadi ncha. Uwe mnyoofu. Angalia na unene: panga lililotengenezwa vizuri lina mgongo mnene karibu na mpini unaopungua kuelekea nchani. Lililokatwa tu kwenye bati nene lina unene mmoja kote, na ndiyo maana huchosha mkono.

Muombe muuzaji ruhusa ya kulipinda panga. Egemeza ncha kwenye ubao, bonyeza taratibu mpaka lipinde vidole viwili vitatu, achia. Likirudi nyoofu kabisa, limepikwa sawasawa. Likibaki na upinde, ni chuma laini na litapinda tena kwenye kisiki cha kwanza. Muuzaji anayejiamini hatakataa. Akikataa, umeshapata jibu.

Jaribio linaloamua zaidi ni la tupa. Beba tupa ndogo ya pembetatu mfukoni. Chagua mahali pasipoonekana, karibu na mpini, ukwaruze mara moja. Kwenye chuma laini tupa itazama na kutoa unga bila taabu. Kwenye kisu kigumu cha jikoni itateleza, au itang'ata kidogo tu. Panga linapaswa kuwa katikati: tupa ing'ate, lakini kwa nguvu, kwa sababu utalinoa kwa tupa hiyohiyo shambani. Panga gumu kupita kiasi nalo ni hasara, litavunjika vipande kwenye jiwe.

Usidanganywe na sumaku. Wapo wauzaji wanaoibandika kwenye kisu kama ushahidi wa ubora. Sumaku hushika chuma laini cha nondo na hushika chuma kigumu cha pua vilevile, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu panga. Kwenye stenlesi inasaidia kwa njia nyingine. Stenlesi ya vijiko na sufuria, ile inayoandikwa 18/10 kwa ajili ya kromiamu na nikeli iliyomo, kwa kawaida haishiki sumaku vizuri, na haiwezi kugandishwa kwa moto ikawa ngumu. Stenlesi ya visu hushika. Kwa hiyo kisu cha jikoni kinachong'aa vizuri lakini sumaku inaanguka, ni kijiko kilichonyooshwa.

Jambo moja la kuwatendea haki wauzaji wa hadiwea: panga jipya huja butu. Kiwandani huachwa hivyo na kupakwa vanishi au mafuta lisishike kutu njiani. Ubutu huo si kasoro. Lakini kunoa kwa mara ya kwanza kunagharimu pesa au jasho lako, kwa hiyo kutaje unapopatana bei. Maduka mengi yatakuongezea tupa kwa bei nafuu ukinunua vyote pamoja.

Mafundi wa jua kali

Kabla hujalipia kisu kilichosafiri kutoka Brazil, Uchina au Ujerumani, pita kwa fundi. Chukua muda umtazame akifanya kazi. Mkaa umewekwa kwenye shimo, upepo unatoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na badala ya fuawe ana kipande cha reli. Anakata springi ya lori, anaichoma mpaka iwe ya rangi ya chungwa, anaigonga, anairudisha motoni, anaigonga tena. Chuma cha springi kina kaboni kama nusu asilimia au zaidi kidogo, na kwa sababu hiyo kinaweza kugandishwa kikawa kigumu na bado kikanesa. Nondo ya ujenzi kwa kawaida haina kaboni ya kutosha kwa kazi hiyo. Itapendeza kwa macho, itakata nyanya siku ya kwanza, na siku ya tatu itakuwa butu.

Muulize fundi maswali matatu, kwa heshima, maana ni bwana wa kazi yake. Chuma kimetoka wapi? Kimezimwa kwa maji au kwa mafuta? Kimerudishiwa moto? Springi ikizimwa ghafla kwa maji huweza kupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana; wengi huzima kwenye mafuta chakavu ya injini. Baada ya kuzimwa, chuma ni kigumu lakini kinavunjika kirahisi, na hapo ndipo fundi mzuri hukipasha tena polepole mpaka rangi ya manjano iliyoiva ianze kutambaa juu ya bapa lililosuguliwa, kisha hukiondoa. Fundi anayekuonyesha rangi hiyo amekuonyesha kila kitu. Mlipe anachostahili. Nimekuwa nikisikia watu waliolipa bei ya hoteli bila kunung'unika wakimbana fundi wa Ukunda kwa shilingi hamsini, na inaniuma, kwa kuwa pesa ile ya hoteli haikumfikia mtengenezaji hata kidogo.

Mpini nao uzungumzie. Muombe mti mgumu: mbambakofi ukipatikana, mvinje au mwarobaini uliokauka vizuri. Mwembe ni laini kwa panga la kazi.

Bei inavyopatikana

Tembelea hadiwea tatu kabla ya kununua popote, na usinunue katika ya kwanza hata kama imekupendeza. Ukunda zipo za kutosha. Msambweni na Kombani ni chache, lakini bei yake haijaguswa sana na watalii. Ukiwa na safari ya Mombasa, Kongowea ina visu vya mitumba kutoka Ulaya vilivyochanganyika na sahani na vijiko, na humo huwa mna vya jikoni vya chuma bora kabisa kwa sehemu ndogo ya bei ya kipya. Angalia tu kama bapa halijaliwa sana na kunolewa hadi likawa jembamba kama la kumenyea viazi, na kama mpini haujapasuka kwenye ribiti.

Piga hesabu ya mwaka, si ya siku. Tuseme panga laini linauzwa shilingi 350 na linakufa baada ya mwaka mmoja wa kulima, na lenye chuma kizuri ni shilingi 700 lakini linakaa miaka minne. La kwanza litakula shilingi 1,400 ndani ya muda huohuo, ukiacha siku ulizopoteza ukilinyoosha kwa jiwe. Hesabu hiyohiyo inakuonyesha upande wa pili: panga la shilingi 2,500 la duka la vikumbusho lingetakiwa kuishi zaidi ya miaka kumi na minne ili liwe sawa na lile la 700. Weka bei za siku yako mahali pa hizi, utaona mwenyewe.

Msimu nao una sauti. Watalii hujaa wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka karibu na Pasaka, na tena Julai na Agosti. Vitu vya vikumbusho vinunuliwe Mei au Juni, mvua ikinyesha na ufukwe umetulia, wauzaji wakiwa na hamu ya kuzungumza. Panga la shamba kinyume chake: linunuliwe Januari, kabla ya watu kuanza kusafisha mashamba kungojea masika.

Kupatana kwenyewe ni adabu, na Pwani adabu huanza na salamu. Usiulize bei kabla ya kumsalimu mtu. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Naangalia hiki cha kupasulia samaki. Unakiachia ngapi?"

"Hicho elfu moja mia mbili. Ni kizuri hicho."

"Naona ni kizuri, ila msuka umeishia hapa katikati. Ukunda juu nimekiona chenye msuka mzima kwa mia sita."

"Cha Ukunda si kama hiki. Sema yako basi."

"Mia tano na hamsini, nami nitakinoa mwenyewe."

"Ongeza, twende mia sita na hamsini."

Mnunuzi hakusema "wewe ni mwizi" wala "bei ya mzungu hiyo". Alitaja kasoro moja ya kweli na bei moja ya kweli, akanyamaza. Maneno hayo mawili yana nguvu kuliko kelele yoyote, lakini lazima yawe ya kweli. Ukibuni bei ya duka usilofika, mzee wa miaka thelathini sokoni atakusoma usoni. Na kama huwezi kufika bei yake, shukuru uondoke polepole. Mara nyingi utaitwa. Usipoitwa, umejua bei yake ya mwisho, nayo ni habari ya kukusaidia dukani pengine.

Sime, mpingo na vya ukutani

Sime za ala nyekundu zinazouzwa ufukweni Diani nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ukuta. Si aibu. Ni kazi ya mikono na inalisha familia. Kwa Wamaasai ufuaji wa vyuma ulikuwa wa Ilkunono, ukoo wa wahunzi, na sime yao ilikuwa ya kubebwa na kutumiwa. Ya ufukweni mara nyingi ni chuma laini kilichong'arishwa, na jaribio la tupa litakuambia. Ikiwa unataka pambo, lipia pambo: tazama ushonaji wa ngozi, usawa wa rangi, namna mpini ulivyofungwa. Ukiambiwa ni ya babu, ya vita, imesafiri vizazi vitatu, bei isipande kwa ajili ya maneno hayo.

Visu vya kufungulia barua na mipini ya mpingo vina mtego wao. Mpingo wa kweli ni mzito, na mara nyingi una mstari wa rangi hafifu mahali ambapo kiini cha mti kinakutana na ganda. Mti mwingine mwepesi hupakwa dawa ya viatu nyeusi ukafanana nao. Lowesha kitambaa cheupe, sugua mahali pa siri kwa nguvu. Kitambaa kikitoka cheusi, shusha bei au rudisha.

Ukidanganywa

Bei kubwa peke yake, kwa kawaida, si kosa. Serikali haipangi bei ya visu. Uongo ndio kosa. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata taarifa anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kusema uongo kuhusu ubora au kiwango cha bidhaa. Sheria hiyo inagusa pia bei iliyopita sana ile ambayo vitu vya aina hiyohiyo hupatikana kwa urahisi. Kwa hiyo risiti si karatasi ya kutupa. Omba iandikwe kitu chenyewe: "kisu cha stenlesi, chapa fulani", si "bidhaa" tu. Bandia ya chapa inayojulikana ipelekwe kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Lakini anza kwa kurudi dukani, mapema asubuhi kabla wateja hawajajaa, ukiwa na kisu, risiti na sauti ya chini. Mengi humalizikia hapo.

Kukifanya kidumu

Nusu ya visu vinavyolaumiwa havina kosa, vimeuawa na mashine ya kunolea. Ukimpelekea fundi wa baiskeli, simama naye. Cheche zikiwa nyingi na makali yakageuka rangi ya samawati, moto umeshaula ugumu wa chuma mahali hapo, na hakuna kunoa kutakakourudisha isipokuwa kusaga sehemu hiyo yote iishe. Mwambie achovye kwenye maji kila baada ya mpitisho mmoja au miwili. Nyumbani tumia kinoo kilicholowa. Kisu cha jikoni kilaze chini kabisa, kama nyuzi 15 hadi 20. Panga liinue zaidi, karibu nyuzi 25 au 30, ili makali yawe na mwili wa kuhimili mti. Tupa isukumwe upande mmoja tu, ukiinyanyua unaporudi, la sivyo meno yake yatakufa kabla ya panga.

Hewa ya bahari ndiyo adui wa kila siku. Osha kwa maji ya kisima au ya bomba, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo. Hayana madhara kwenye chakula na yanapatikana kila nyumba. Ukikata embe bichi au ndimu kwa kisu kisicho cha stenlesi, kifute papo hapo. Kutu changa hutoka kwa jivu na nusu ya ndimu. Usikiache kisu ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, wala chini ya mashua.

Lililobaki ni kukifikisha nyumbani. Panga lina kumbukumbu chungu huku kwetu. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na watu wengi wakauawa katika siku zilizofuata, na hata leo polisi hawachukulii vyepesi mtu aliyeshika panga wazi njiani. Sheria inataka anayebeba kitu chenye makali hadharani awe na sababu halali. Lifunge kwenye katoni au gunia, lifunge kwa kamba, liweke chini ya mzigo, na risiti iwe karibu. Usilishike mkononi kwenye matatu hata kama umetoka nalo dukani sasa hivi. Kivukoni Likoni kuna ukaguzi, kwa hiyo sema mwenyewe ulicho nacho kabla hujaulizwa. Ukiruka kutoka uwanja mdogo wa Ukunda, kisu kiende kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe kisiwe kwenye begi la mkononi, na mgeni aulize kwanza sheria za visu vya makali pande mbili za nchi anakokwenda. Kwa treni ya SGR mizigo hupekuliwa kabla ya kupanda na kisu hakitapita. Kitume kama kifurushi kwa kampuni ya basi, kimefungwa vizuri na kimeandikwa nje kilichomo ndani.